Ndama wa Mzee Ngoitiko Hawahesabiwi

Mwalimu Marsela Hhando alichukia simu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, wala si kwa sababu ya kelele zake. Kila mwaka aliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu mradi wa kuandika jinsi sayansi ilivyobadilisha maisha ya watu wao, na kila mwaka wote walimletea simu. "Sayansi imerahisisha mawasiliano." Baada ya simu lilikuja bomu. "Hata hivyo, sayansi ina madhara yake, kama vile mabomu." Watoto wa Endulen, ambao kishindo kikubwa walichowahi kusikia ni radi, walilaani mabomu kurasa mbili nzima na kumalizia kwa kuiomba serikali iliangalie suala hili kwa jicho la pekee.

Mimi nafundisha historia shule hiyo hiyo. Nyumba yangu na yake zimegawana ukuta mmoja, kwa hiyo hasira zake nilizijua kwa kuzisikia. Alikuwa akisahihisha kwa sauti. Nikisikia kalamu imetupwa najua amefika kwenye bomu.

Ni mtoto wa wakulima Wairaqw wa Karatu, juu kule kwenye ngano na maharage ya ngwara, na alishika jembe kabla ya kalamu. Serikali ikampanga kufundisha hapa Endulen, ndani ya hifadhi, mahali ambapo kulima ni marufuku, hata kitunguu cha mchuzi nyuma ya jiko ni kesi. Udongo mweusi mzuri anautazama tu dirishani, na mchicha anausubiri uje na gari kutoka kwao ukiwa umenyauka. Nadhani nguvu yote ya kulima aliihamishia kwa wanafunzi.

Simu na bomu vilikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe kilinitia aibu mimi. Dauda, mtoto wa baba yangu mdogo, ana steshenari mjini Karatu. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na anauza miradi iliyokwisha kuandikwa. Mwanafunzi anataja jina lake na la kijiji chake, Dauda anayaingiza kwenye kompyuta, na mtoto anaondoka na karatasi zikiwa bado na joto la mashine. Ndani yake mna takwimu: asilimia themanini na tano ya wanakijiji wanatumia simu. Kila kijiji ni themanini na tano. Oloipiri themanini na tano, Kakesio themanini na tano, hadi mahali ambapo ili upate mtandao inabidi upande kilima na kunyoosha mkono.

"Huyo ndugu yako," Marsela aliniambia siku alipogundua, "ndiye mwalimu mkuu wa wilaya hii. Sisi wengine tunamsaidia kupiga kengele."

Nilimwambia Dauda aache. Akanijibu kwamba yeye anasaidia watoto. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi mwaka huo Marsela aliamua kupigana. Alichukua kadi ngumu, akaandika kwa wino mwekundu USITUNGE NAMBA, akaibandika kwenye mlango wa maabara kwa gundi ambayo hata ukucha haukuibandua. Halafu akawapa wanafunzi swali moja la kwenda nalo likizo. Wasiulize sayansi imeleta nini. Wamuulize mtu mzima wa nyumbani kwao: ni kitu gani mlikuwa mnakifanya zamani, na sasa mmeacha kukifanya kwa sababu ya sayansi?

Walirudi na simu. "Bibi yangu aliacha kuishi bila simu," aliandika mmoja, na kwa upande wa pili wa ukuta nikasikia kalamu imeruka.

Naserian ndiye aliyerudi na kitu kingine.

Alikuwa msichana wa Kakesio, mrefu, mkimya darasani na mbishi maabara. Kama wenzake wengi, lugha yake ya kuandikia ilikuwa Kiingereza, ya kufikiria Kimasai, na ya kugombana na mwalimu Kiswahili. Siku ile alikuja na Kiswahili. Nilikuwepo, nimekwenda kuazima chaki.

"Madamu, mama ameacha kukamua na ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya ndama. Ndama akifa, ng'ombe anakataa maziwa. Anayazuia. Sasa mama anamchuna yule ndama, anaitandika ngozi mbele ya ng'ombe. Ng'ombe anailamba, anadhani mtoto yupo, maziwa yanashuka."

"Kwa hiyo mnamdanganya."

"Ndiyo, Madamu." Akafikiri kidogo. "Lakini nadhani na yeye anajua."

Marsela aliweka chini chupa aliyokuwa ameshika. Naserian akaendelea kueleza. Zamani ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ilikuwa ikimaliza ndama kabla hawajajua kula majani vizuri, na mama yake alikuwa na ngozi msimu hadi msimu. Ikaja chanjo. Ndama anapewa ugonjwa na dawa siku moja, anavishwa hereni sikioni, na haugui tena. Sasa ngozi ya mwisho inaning'inia ukutani imepasuka, hakuna anayeiuliza. Lakini hapo hapo nyasi hazikuchanjwa. Ndama wote wanaishi na wote wanakula, na alalili, yale malisho ya ndama jirani na boma, yanakwisha kabla kiangazi hakijafika katikati. Baba yake na baba yake mdogo, waliokuwa wakila sahani moja, wamegombania alalili mpaka hawasalimiani.

"Kwa hiyo sayansi imeleta maziwa na imeleta ugomvi," alimaliza. "Niandike lipi?"

"Andika yote," alisema Marsela, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Jioni ile alinipikia chai ya tangawizi bila kuombwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kumwona anafurahia karatasi ya mwanafunzi.

Furaha ya maskini haidumu. Mkuu wa shule alisoma kazi ile, akaipenda, kisha akafungua mwongozo. Mradi lazima uwe na jedwali la takwimu na grafu. Usipokuwa navyo haupokelewi kule Karatu, ambako miradi ya shule zote inakaguliwa. Asiyepokelewa hana alama, na tulikwisha kuambiwa kwamba asiye na alama ya mradi hataandikishwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kwa mwingine hilo lingekuwa usumbufu tu. Kwa Naserian ilikuwa shule yote. Baba yake, Mzee Ngoitiko, alikubali asome kwa sharti moja ambalo kila mwalimu alilijua: siku akikwama, arudi nyumbani, kazi ya boma ipo na haina kidato.

"Jedwali si tatizo," alisema Marsela. "Wahesabu tu ndama. Waliokufa mwaka wa kabla ya chanjo, na waliopona mwaka huu."

Naserian alitazama chini. "Baba hahesabu ng'ombe, Madamu."

Hilo hata mimi niliyekulia dukani nalijua. Mmasai wa kweli hahesabu mifugo yake, kama asivyohesabu watoto wake. Kuhesabu ni kuita balaa lije lichague. Marsela alilijua pia, lakini kulijua jambo si kukubaliana nalo, na Jumamosi tulikuwa tumepanda juu ya magunia ya mahindi ndani ya lori la mfanyabiashara, tukielekea Kakesio na Naserian katikati yetu, vumbi mpaka kwenye meno.

Mzee Ngoitiko alitupokea nje ya boma. Alikuwa mtu mkavu, mwenye macho ya kudai.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia Marsela, kwa heshima ya kumwita mama.

"Iko," Marsela akaitikia, na hakuchelewa kusema kilichotuleta.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe wangu hawahesabiwi."

"Mzee, ni kwa ajili ya mtoto wako."

"Hata mtoto sihesabu."

"Siku ya chanjo si mlihesabu? Chupa za dawa mlijuaje ni ngapi?"

"Nilihesabu chupa," alisema Ngoitiko. "Chupa sio ng'ombe."

Marsela aligeuka akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyempa mzee jibu hilo. Kisha akaanza upya, polepole, kwa sauti ile anayoitumia kwa wanafunzi wa madawati ya nyuma. Akaeleza grafu. Akaeleza Karatu. Mzee akamsubiri amalize.

"Yeyo, nisikilize na mimi. Watu wamekuja hapa kuhesabu ng'ombe, mara nyingi. Kila wakihesabu wanasema ni wengi. Hajawahi kuja mtu akahesabu akasema ni wachache, tumwongeze Ngoitiko." Akatema mate pembeni. "Wewe unataka namba upeleke kwa watu siwajui, wanakaa mjini. Hapana."

"Basi binti yako atafeli."

"Basi atarudi."

Marsela alitembea mpaka kwenye ua wa miiba, akasimama ameupa mgongo ugomvi wote. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia mzee, na nilikasirika zaidi kwa sababu kuhusu wale wahesabuji hakuwa amesema uongo.

Naserian ndiye aliyeingilia kati. Alizungumza na baba yake kwa Kimasai kwa muda, kisha akatugeukia. "Baba anasema nichore. Kila ndama na rangi yake na jina la mama yake. Wale waliokufa zamani anawakumbuka wote, atanitajia. Lakini namba isiandikwe."

"Popote," aliongeza Ngoitiko kwa Kiswahili, akimtazama Marsela.

"Popote," alikubali Marsela.

Mzee hakuomba sahihi. Alimpa kibuyu cha maziwa, akasimama kumngoja anywe. Marsela hawezi maziwa yenye harufu ya moshi. Nyumbani kwake hata chai ikikaa karibu na kuni anaimwaga. Aliyanywa yote, macho yamemtoka, akarudisha kibuyu.

Tulilala pale, na asubuhi ndama walipofunguliwa Naserian alikaa mlangoni na penseli zake za rangi. Kazi ile ilipokamilika ilikuwa karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi. Juu walikuwa ndama walio hai, mmoja mmoja: mwenye paji jeupe, wa madoa ya majivu, mwekundu mwenye mkia mweupe, kila mmoja na hereni nyekundu sikioni na jina la mama yake chini ya kwato. Upande wa chini walikuwa waliokufa mwaka wa kabla ya chanjo. Hao aliwachora wakiwa ngozi zilizotandazwa, rangi zao zile zile, bila miguu. Ulikuwa huhitaji kusoma neno ili uelewe kilichotokea kwenye lile boma. Nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuwa na ramani nzuri kama ile.

Tuliipeleka Karatu sisi watatu. Ukaguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, walimu wa shule mbalimbali wamekaa kwenye madawati nyuma ya miradi yao kama wauza nguo za mnadani. Jirani yetu alikuwa na simu. Aliyefuata alikuwa na simu na bomu.

Mkaguzi wetu alikuwa bwana mpole, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, maana mpole huwezi kumpigia kelele. Alikunjua manila juu ya meza yake, akaitazama, akatabasamu.

"Amechora kweli huyu. Lakini hii ni sanaa."

"Ni takwimu," alisema Marsela. "Kila ndama yupo hapo, na mama yake."

"Jedwali liko wapi? Jumla ni ngapi?"

"Ukitaka jumla, wahesabu wewe."

"Mwalimu, mimi si mtahiniwa." Alimsogezea kalamu. "Ni kazi ya dakika moja. Mwambie binti azihesabu hizo picha, aandike jumla hapa chini, achore grafu yenye mihimili miwili, nimpe alama zake. Kazi ni nzuri. Sitaki imwangushe."

"Nimempa mzazi wake neno kwamba namba haitaandikwa."

Yule bwana alimtazama kwa huruma ya kweli. "Neno halina alama, Mwalimu."

Kalamu ilikaa mezani. Niliuona mkono wa Marsela ukiifuata na kurudi. Nilijua anachokipima, kwa sababu na mimi nilikuwa nakipima: maziwa ya Kakesio upande mmoja, na upande wa pili msichana anayetembea kurudi bomani na sare yake kwenye mfuko wa plastiki. Nilitamani aandike. Nilitamani pia asiandike, kisha nikashukuru kwamba mtoto si wa darasa langu.

Naserian aliichukua kalamu mwenyewe. Aliikunja manila katikati, picha zikaingia ndani, na kwenye ukingo mtupu akapiga mistari ya jedwali. Waliopona: 64. Waliokufa akawapa namba yao pia. Akachora mihimili miwili, mrefu na mfupi, akaipaka rangi.

Mkaguzi hakuikunjua karatasi kulinganisha. "Umeona?" alimwambia Marsela. "Sasa hii ni sayansi."

Alimpa A.

Nje, karibu na pikipiki za bodaboda, Marsela alimshika Naserian begani. "Umewahesabu saa ngapi?"

"Sikuwahesabu, Madamu."

"Sitini na nne umeitoa wapi?"

"Mezani kwake. Ile meza imeandikwa namba kwa rangi nyeupe, pale mbele kwenye mguu."

Mimi nilicheka. Siwezi kuficha, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Marsela hakucheka. Alimwambia Naserian apande gari, na njia nzima, getini, juu kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, mpaka tunateremka upande wa pili, alikuwa akitazama nje. Tulipofika nyumbani ndipo alipoongea, kupitia ukutani.

"Bora angepata sifuri."

"Kweli?" nilimuuliza.

"Hapana. Na ndicho kinachoniudhi."

Mzee Ngoitiko alipopata habari alifurahi kuliko watu wote. Alitutumia salamu kwamba ng'ombe wa mezani wanenepe na wazaane, wake wako salama, na binti aendelee kusoma. Marsela alizipokea salamu hizo akiwa anafua, akakamua shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Ingeishia hapo ningesema basi, tumepata hasara ndogo kwa faida kubwa. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kazi ya Naserian ilibandikwa kwenye ukuta wa ule ukumbi iwe mfano kwa shule nyingine, sehemu ya maandishi na jedwali. Manila ya ndama ilikuwa kubwa mno, ikarudishwa. Na miongoni mwa waliopita kuiona alikuwemo Dauda, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye aliipiga picha kwa simu. Sayansi, kama walivyoandika wale watoto wote, imerahisisha mawasiliano.

Mwaka uliofuata hakukuwa na simu wala bomu. Marsela alikusanya miradi ya kidato cha tatu, na kwenye ukuta wetu sikusikia kalamu ikitupwa. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaingiwa na wasiwasi, nikamfuata maabara. Alikuwa amesimama na karatasi mkononi, na mbele yake alikuwa Goodness, msichana mnene, mcheshi, mwenyeji wa Karatu mjini, aliyeletwa shule yetu na mjomba wake.

"Goodness," Marsela alikuwa akimuuliza kwa upole ambao haukunipendeza, "mama yako ameacha kukamua na ngozi?"

"Ndiyo, Madamu."

"Mama yako anakamua nini?"

Goodness alitafuta jibu usoni mwangu. "Hakamui, Madamu. Anauza vitenge."

"Na hawa ndama waliopona? Sitini na nne?"

"Hiyo ndiyo namba iliyopata A, Madamu."

Karatasi zote zilikuwa hivyo. Mama wa watu thelathini walikuwa wameacha kukamua na ngozi, na kila mmoja alikuwa na ndama sitini na nne wenye hereni. Marsela alinituma nimwite Naserian, aliyekuwa sasa kidato cha nne, na sijui alitaka aje kufanya nini. Nadhani alitaka mtu wa kugawana naye hasira.

Naserian alisoma kazi ya Goodness akiwa amesimama. Alipofika kwenye habari za mama yake mwenyewe alisoma polepole zaidi, midomo ikicheza. Jina la yule ng'ombe aliyelamba ngozi lilikuwa limeachwa vile vile, maana Dauda hakujua ni jina la nani. Kisha akafika kwenye jedwali.

Goodness alikuwa ameanza kulia. "Madamu, nisamehe. Nilidhani ni ya kweli."

Naserian alimrudishia karatasi yake. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, na ile kadi ya USITUNGE NAMBA ilikuwa inatutazama sote, gundi yake bado imara.

"Usimchape, Madamu," alisema Naserian. "Hata mimi niliikuta mezani."

Marsela hakumchapa mtu. Alikaa kwenye stuli ya maabara, akavuta pumzi, akapangusa chaki mikononi kwa gauni.

"Anza upya," alimwambia Goodness, lakini aliyekuwa akitazamwa ni Naserian.